Tulipokwenda Kumketia Bibi wa Bondeni

Dirisha langu laitazama Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, na cherehani yangu iko dirishani. Mabuibui niliyoyashona hapo ni mengi, lakini mambo niliyoyaona ni mengi zaidi.

Mtaani kwetu mtu akipaza sauti hakuna anayeshtuka. Kinachoshtua ni kimya. Kwa hivyo watu kama tisa hivi walipoanza kupanda ngazi za nyumba ya pili kutoka kwetu, juu ya duka la vitambaa, kila Jumamosi baada ya alasiri, wakavua viatu chini na kukaa huko juu saa nzima bila kusikika hata mlio wa kikombe, mtaa uliingiwa na homa. Wako waliosema wanafuga majini. Wako waliosema wamepata ramani ya hazina ya Wareno na wanachimba kimyakimya kuelekea Ngomeni, ingawa hakuna aliyeweza kueleza vipi mtu anachimba kutoka ghorofani. Mimi nilikuwa nikivihesabu viatu vyao kutoka dirishani, na kila wiki viliondoka idadi ile ile iliyokuja. Hilo lilinivunja moyo kidogo.

Wifi yangu, anayekaa chini yetu, ndiye aliyenituma. Aliniambia mimi nina macho na tena sina haya, basi niende nikaone, nirudi nimweleze. Sikukataa. Lakini kwa kuwa mambo ya dini si mchezo, kwanza nilikwenda kwa maalim aliyenisomesha nikiwa mtoto. Nikamwambia nimesikia wanakaa, wanafumba macho, wananyamaza na kuisikiliza pumzi yao. Akaniuliza kama kuna kitu wanachokisujudia. Nikasema ndilo ninalotaka kwenda kulitazama. Akafikiri, akasema kunyamaza hakujawahi kumtoa mtu katika dini, na huenda kukampunguzia dhambi za ulimi. Kisha akanitazama vizuri, akasema nikiweza kunyamaza saa nzima nimpelekee habari, maana angependa kuishuhudia siku hiyo kabla hajafa.

Nikaenda. Chumbani mlikuwa na mikeka, mtungi wa maji na madirisha mawili. Hakukuwa na sanamu wala ubani. Aliyekuwa akiongoza ni mzee mmoja kutoka Sri Lanka, mwembamba, aliyekuja Mombasa ujanani kwa kazi ya kuonja chai kabla haijauzwa, akastaafu hapa hapa asiondoke tena. Yeye ni wa dini ya Buddha na hakuficha, lakini siku ya kwanza tu aliniambia kwamba hataki mtu aiache dini yake mlangoni pamoja na viatu. Kiswahili chake alifunzwa na makuli wa maghala ya chai, kwa hivyo kilikuwa kitamu na mara nyingine kilitia haya.

Wengine wawili nitawataja kwa sababu wamo katika kisa hiki. Mmoja ni mwenye duka la vitambaa, Mhindi wa hapa hapa, mnene, mpole, ambaye ndiye aliyetoa chumba. Wa pili ni nesi mstaafu, mama wa Kigiriama kutoka Kaloleni, Mkristo, mwenye mikono mikubwa na kicheko kilichojificha tumboni. Huyo alikaa karibu yangu siku ile ya kwanza. Nilifumba macho, nikaisikiliza pumzi yangu kama nilivyoambiwa, na nilichokisikia baada ya hapo ni mkoromo wangu mwenyewe. Nilipofumbua macho hakuna aliyenitazama, ila mkeka wa nesi ulikuwa ukitikisika.

Nilimpelekea wifi habari kwamba watu wale hawafanyi chochote kabisa. Hakuniamini. Alisema haiwezekani watu wazima wakavua viatu kwa ajili ya kutofanya chochote, basi nirudi nikachunguze zaidi. Nikarudi wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Wiki ya tano wifi alikuwa ameshachoka kunituma, nami nikajikuta ngazini nikivua viatu. Sikumwambia mtu.

Sasa, mwonja chai alikuwa na neno lake ambalo alilirudia kila mara. Alisema kwao wako watawa waliofundisha kwamba kuketi si kuwakimbia watu. Moyo wako ukitulia na jirani yako bado analia, basi wewe hukutulia, ulilala. Kwa hivyo, siku moja, alisema umefika wakati tuinuke tukafae watu. Nesi akasema anamjua bibi mmoja mtaa wa Bondeni, aliyeanguka akaumia nyonga, akaaye peke yake, mwanawe wa pekee ameolewa Muscat. Alipotaja nyumba yenyewe, mimi na mwenye duka tuligeuziana macho.

Bibi yule tulimjua. Hapakuwa na arusi ya maana kisiwani, zamani, bila achari yake ya ndimu. Mimi niliila nikiwa mtoto, nikapigwa kwa kuilamba hadi nikamaliza sahani ya wageni. Mwenye duka alikuwa akiifuata kwa majirani. Nesi aliletewa na mgonjwa mmoja, akaila yote kabla zamu haijaisha. Na mwonja chai, ambaye ulimi wake ulikuwa ndio riziki yake, aliwahi kuionja mara moja tu, na akatukiri baadaye kwamba kulikuwa na kitu ndani yake alichoshindwa kukitambua, na kilimkera miaka yote. Wanawake wa Bondeni na wa Mji wa Kale walijaribu kuipika wakashindwa. Bibi aliwanyima siri hiyo hata jamaa zake.

Lakini hatukwenda kwa ajili ya achari. Tulikwenda kufaa, wanne sisi, Jumanne asubuhi. Mwonja chai alitushauri tusiende na maneno mengi. Wazee, alisema, wamechoka kushauriwa. Twende tukae naye tu, kwa moyo mmoja, tumpe kuwepo kwetu.

Tukampa. Tulimkuta kitini uani, mdogo, mkavu, leso mbili mabegani, bakora mkononi. Tukamwambia sabalkheri, tukamuuliza hali, akasema njema, alhamdulillahi. Kisha tukaketi mkekani mbele yake, tukatulia, tukamtazama kwa upendo. Akatutazama. Dakika zikapita. Kuku akaingia uani, akatutazama naye, akatoka. Mwishowe bibi akainama kidogo akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani amekufa?"

Tukamwambia hakuna aliyekufa.

"Basi mbona mwakaa matanga?"

Nesi alilazimika kwenda nje. Mwonja chai alieleza kwa upole kwamba tumekuja kumketia tu, awe na watu. Bibi aliitikia kwa kichwa, akasema ahsante, Mungu awazidishie, na akatuomba turudi. Isipokuwa akasema anachoka akiwa na watu wengi kwa pamoja, basi tuwe tukienda mmoja mmoja, kila mtu na siku yake. Tulitoka tumeridhika. Sikujua kuwa wakati tunamtazama kwa upendo, yeye alikuwa akitupima kama mnunuzi anavyowapima mbuzi.

Siku yangu ilikuwa Alhamisi. Nilipofika alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za cherehani, akasifu mshono wa buibui langu. Kisha akanivuta mkono, akanisogeza karibu, akasema ananiona nina moyo safi kuliko wale wenzangu. Yeye amezeeka, achari itakwenda naye kaburini, na angependa kumwachia mtu. Moyo wangu uliruka kama wa msichana.

Siri, alisema, iko katika kufunika. Watu wote hufunika chupa kwa kitambaa kipya. Kosa. Achari yataka kufunikwa kwa pazia kuukuu lililokaa dirishani miaka na miaka likanywa upepo wa bahari. Akanionyesha mapazia yake, yamechanika, yamebadilika rangi. Atanipa kipande. Lakini akiyashusha, je, wapita njia si watamwona ndani? Basi nilimshonea mapazia mapya ya madirisha yote manne, na la mlango, na nikatia upindo wa mkono kwa sababu alisema upindo wa mashine humuumiza macho.

"Na usimwambie mtu," alisema. "Hata hao wanyamavu wenzio."

Sikumwambia mtu. Na jambo hilo halikuwa gumu, maana mwonja chai alikuwa ametufundisha kwamba jema ulilolitenda usilitangaze. Tulikutana Jumamosi, tukaketi, tukafumba macho, na hakuna aliyemuuliza mwenzake chochote. Niliona kwamba mwenye duka ana kidole gumba kilichofungwa bendeji. Niliona kwamba nesi ananuka mafuta ya simsim. Niliona hata kwamba mwalimu wetu mwenyewe ana matope ya kijani chini ya kucha. Nikawaza kwamba kila mtu na shughuli zake. Mimi, niliyekuwa nikihesabu viatu vya watu kutoka dirishani, sikuona kitu. Akili yangu yote ilikuwa katika kipande cha pazia.

Nilipika achari yangu kwa siri, wifi asijue. Nikaianika, nikaifunika kwa lile pazia, nikangoja.

Mwisho wa mwezi kikundi kilikuwa na chakula cha pamoja, kila mtu alete kitu. Nilitaka kuwastaajabisha. Nikaibeba chupa yangu chini ya buibui, nikapanda ngazi, na baada ya kuketi tukatandika jamvi la chakula. Nikaitoa chupa, nikaiweka katikati polepole. Nikiinua macho, mwenye duka naye alikuwa akiweka chupa. Nesi alikuwa ameshika yake hewani, haiweki wala hairudishi. Na mwonja chai alikuwa ametoa mkobani mtungi mdogo wa udongo uliozibwa kwa ustadi mkubwa kuliko zetu zote.

Tulinyamaza vizuri siku ile kuliko siku yoyote.

"Pazia?" mwenye duka aliniuliza mwishowe, akikitazama kitambaa changu. Nikasema ndiyo, nikamuuliza yeye. Akasema yake iko katika bati. Bibi alimwambia ndimu lazima zianikwe juu ya bati lisilo na kutu wala tundu, na bati hilo lipigiliwe na mpishi mwenyewe, kwa kuwa mkono wa kukodi hauleti ladha. Yeye, na unene wake wote, alipanda paa la Bondeni Jumatano tatu mfululizo, akapigilia mabati na kidole chake. Nesi aliambiwa siri ni mkono wa kusaga chumvi: hautakuwa mwepesi mpaka umezoeshwa kwa kuchua miguu ya mzee kwa mafuta ya simsim, alfajiri kabla mtu mwingine hajaja, siku saba. Yeye alifanya kumi na nne, kwa tahadhari. Na mwonja chai, huku akitazama chini, alisema kwamba ndimu huoshwa kwa chai kali ya daraja la kwanza, lakini chai hiyo ichemshwe kwa maji ya birika la uani, lile la kujengwa kwa chokaa, na birika kwanza lisuguliwe mpaka lionekane sakafu yake. Alilisugua jioni tano, wengine wakiwa wameshaondoka, amekunja suruali. Chai alipeleka kopo zima, na alipouliza mbona ndimu zimehitaji chai kidogo hivyo, bibi alimwambia iliyobaki ni ya mpishi.

Mtu mwingine angeona haya akaondoa chupa. Yeye alisema kwanza tuonje. Akaomba vijiko na bakuli la kutemea, akazipanga chupa zote nne mstari mmoja kama alivyokuwa akipanga vikombe kazini, akaanza. Alichota, akavuta kwa mdomo kwa mlio uliowafanya wenzetu wengine wageuke, akazungusha, akatema. Ya mwenye duka alisema haina mwili. Ya nesi ilikuwa na mwili lakini imelala. Yangu alikaa nayo mdomoni muda mrefu, nikapata matumaini, kisha akasema inanuka vumbi. Yake mwenyewe aliionja mwisho. Alifumba macho, akameza kwa heshima, akasema hii asipewe binadamu.

Jumanne tukaenda Bondeni sote wanne, bila kungoja zamu. Nilikuwa nimekasirika hasa. Mapazia matano, upindo wa mkono. Tukamkuta bibi uani chini ya paa lisilovuja, kando ya birika linalong'aa, miguu yake laini kama ya bi arusi, anakunywa chai ya daraja la kwanza. Alipotuona tumeingia kwa pamoja alijua. Hakujaribu kukana.

"Mlikuja kuniketia," alisema. "Miye kuketi nnako tele. Tangu nyonga hii iniumie sina kazi nyengine. Nyinyi mwaja na kimya chenu, mumeshakipika nyumbani, mwaniandalia. Hapana hata mmoja aloniuliza nna njaa ya nini."

Mwenye duka akamwambia, kwa adabu, kwamba angetuambia tu paa linavuja tungemsaidia.

"Mungenambia pole, mukafumba mato. Watu hawapandi paa kwa huruma, mwanangu. Hupanda kwa tamaa."

Nikamtazama mwonja chai, nikidhani ataumia. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na nilidhani analia, mpaka nikaona mabega. Alicheka hata ikabidi akae ukingoni mwa birika. Kisha akajifuta macho, akavua kofia, akamwambia bibi kwamba ana haki, sisi tulikuja kufaa kwa namna iliyotupendeza sisi.

"Basi leo tunauliza, mama," alisema. "Unataka nini?"

Bibi alikuwa tayari. Mlango wa nyuma haufungi. Sauti anazotuma mwanawe kwa simu kutoka Muscat zinamjia, lakini yeye hajui kumjibu, na mwanawe amedhani amenuna. Na jambo la tatu alilisema akitazama bakora yake: amezaliwa Mombasa, amezeekea Mombasa, na hajawahi hata siku moja kuingia ndani ya Ngome ya Yesu.

Mlango mwenye duka aliutengeneza siku hiyo hiyo. Simu nilifanya mimi, na huyo mwana wa Muscat alilia, na mama akamwambia asilie kwa maana yeye ana paa jipya. Ngomeni tulimpeleka wiki iliyofuata kwa tuktuk, na nesi akaazima kiti cha magurudumu. Bibi alivaa nguo za Idi. Mwongoza wageni alianza kutueleza ngome ilivyojengwa na Wareno, naye akamkatiza akauliza mawe aliyabeba nani. Mwongoza wageni akajibu kwa kirefu. Bibi akasema sawa, endelea, lakini umtaje na huyo.

Wenzetu walipokwenda kutazama vyungu na mabaki ya merikebu, mimi nilibaki naye kivulini ukutani. Alipapasa jiwe la ukuta kwa kidole. Kisha akasema, bila kunigeukia, kwamba ile achari haikuwa yake.

Ilikuwa ya mke mwenzake. Walikaa nyumba moja maisha yao yote, wakamzika mume wao pamoja. Mwenzake alikuwa mpishi lakini mwenye haya, hawezi kusimama mbele ya watu. Yeye bibi alikuwa na ulimi. Basi mmoja akapika, mwengine akapeleka arusini. Mtu wa kwanza alimsifu yeye, naye akanyamaza. Wa pili akamsifu, akanyamaza. Baadaye haikuwezekana tena kusema.

Nikamuuliza kama mwenzake alikasirika.

"Sikumuuliza," alisema. "Alipokufa nilikuta chupa kumi na moja chini ya kitanda. Nikawa nazitoa moja moja, arusi za watu wakubwa tu. Zilipokwisha wakasema nimezeeka, nimeacha kupika. Siri yenyewe siijui. Ningeijua kwa kupanda paa, ningepanda na nyonga yangu hii."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Mimi huwa nayo siku zote. Niliyaacha yote, nikakaa tu, mkono wangu juu ya mkono wake, mpaka akanigeukia akaniuliza kama nimelala.

Kuandika haya amenipa ruhusa yeye mwenyewe, ila nisimtaje jina. Alisema Bondeni wako vikongwe wengi walioumia nyonga, na angependa kuwasikia wakigombana ni yupi kati yao. Neno la mke mwenzake alisema nilitie bila kupunguza.

Siku hizi Jumamosi kikundi chetu huinuka mikekani mapema, kikaenda kutembelea watu. Bibi huja na tuktuk, hukaa kitini maana mkekani hawezi, na huongea sisi tukiwa tumefumba macho. Mwonja chai amesema tusimzuie. Tukienda nyumba ya mtu, yeye ndiye anayeingia kwanza na kuuliza, na huuliza mambo ambayo sisi tungeona haya kuyauliza: choo kinapita, meno yako yako wapi, wanao wanakutukana au hawaji kabisa.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Kibokoni kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa saa. Tulimwendea na sabuni, ndoo na mifagio. Alipoulizwa anachotaka akasema nyumba yake ni safi, haitaki kufagiwa, anachotaka ni mtu wa kucheza naye karata asiyemwonea huruma. Nesi akakaa, akafungwa mara mbili. Bibi akamwambia ampishe. Mkono wa kwanza wa karata haujaisha alikuwa ameshamtuhumu mzee kwa kuficha karata kwenye shuka, na mzee akamwambia hajawahi kukutana na mwanamke mwongo kama yeye. Tuliwaaga, hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye karata. Mwonja chai akatuashiria tutoke, tuwaache. Tukavaa viatu mlangoni, tukabeba ndoo zetu na mifagio mikavu, tukarudi Ndia Kuu kwa miguu.